Herufi Zako Zilizoshiba

Mwenda, mucore wangu,

Neno hilo lenu la rafiki ulinipa siku ya kwanza tuliposhika ngazi moja, na mimi, Mwembu wa Kianjokoma, nikashuku papo hapo kwamba umenitukana kwa Kimeru. Nilikwenda kwanza kumuuliza mama muuza ndizi aliyetoka kwenu Nkubu, ndipo nikarudi kukuitikia. Ulicheka mpaka ukaangusha brashi. Basi usishangae kwamba hata sasa, ukiwa chini ya udongo, kilichonifanya nishike kalamu ni shuku. Kuna mtu alichukua herufi zako, Mwenda. Nimemtafuta, nimempata, na nitakueleza kwa utaratibu. Usinikatize kama ulivyozoea.

Habari za huku ni hizi. Tangu tukuzike, ngazi yetu imeegemea ukuta wa nyuma kwangu na kuku wamehamia juu yake. Mwenye duka la dawa za mifugo kule Ishiara aliniita nimchoree ubao. Nilimchorea ng'ombe, na si ng'ombe wa mchezo, ng'ombe ambaye ukimtazama unatafuta ndoo. Akauzunguka ubao, akauliza, "Na maneno yako wapi, mzee?" Nikamwambia ng'ombe huyu anajieleza. Hakuutundika. Unajua mambo yalivyokuwa: miaka yote wewe ulikuwa maneno na mimi nilikuwa picha. Nikishika brashi niandike A, inatoka kama kiti kilichovunjika mguu. Watu walidhani tuko wawili ili tusaidiane kubeba rangi, kumbe kila mmoja alikuwa nusu ya fundi. Sasa imebaki nusu moja, na nusu hiyo haijui kuandika.

Nakukosa. Nilitaka kuliweka mwisho neno hili, limenitoka mapema.

Herufi zako ulizipa jina Shibe. Nene, tumbo mbele, shingo fupi, zimekaa kwenye mstari kama wazee waliotoka harusini. S ilikuwa na kitambi. O ilikuwa na tundu lililosogea pembeni, ikawa jicho la mtu anayechungulia jikoni. Ulisema herufi nyembamba ni za mahakama na mazishi, na kwamba mtu mwenye njaa hataki kuitwa na herufi yenye njaa. Lakini hukuzitupa ovyo. Kliniki moja ilipotaka Shibe ukakataa, ukasema mgonjwa akiona herufi zinacheka atadhani anachekwa yeye. Hoteli, bucha, saluni, duka la vitenge, hapo ulizifungulia mlango. Mimi nikiweka jogoo wangu kando yake, yule aliyeinua mguu mmoja, ukuta mzima ulikuwa unakuita uingie.

Na herufi ya amani je, wakumbuka? Ile hoteli ya kwetu Kianjokoma, mwenyewe alisimama mlangoni akakuagiza, "Andika hapa juu, Kura Ushibe." Ukamwandikia kama alivyotamka. Ulikuwa msimu wa uchaguzi. Rangi haijakauka, chifu akafika na askari wake, akasoma kwa sauti, KURA USHIBE, akauliza ni mgombea gani anayelisha watu humo ndani. Mwenye hoteli akaapa kwamba yeye hakusema kura, alisema kura, kura ya mdomo. Mwalimu aliyekuwa akinywa chai akasema hapo panatakiwa L. Mwenye hoteli akauliza hiyo L ni nini kama si R iliyovunjika. Watu wakagawanyika pande mbili, sauti zikapanda. Wewe ukapanda ngazi, ukaikata ile R kichwa, ukaiachia kinundu kidogo begani, na mguu ukaurefusha mbele kama wa mtu anayepiga mpira. Ukashuka. Mwalimu akasoma kula. Mwenye hoteli akasoma kura. Chifu akasoma mara mbili, akaagiza chai.

"Kila mtu ataisoma alivyolelewa," ukaninong'oneza.

Tangu siku hiyo kwenye kuta zetu hakukuwa na L wala R. Ilikuwepo hiyo moja tu, inafanya kazi za zote mbili. Watu walidhani mkono wako unateleza. Tulikubaliana juu ya sahani ya githeri kwamba siri hiyo ni ya kwetu wawili, na kwamba Shibe haitatoka mikononi mwetu. Nilikuamini, na wewe unajua mimi kumwamini mtu ni kazi ngumu kuliko kupaka dari.

Herufi moja ulikataa kabisa kuichora, Q. Yule mwenye saluni pale Embu mjini alitaka aandikiwe Queen, wewe ukamwandikia KWINI. "Hiyo herufi inaitwa kiu," ulimwambia, "na kiu haiwezi kukaa nyumba moja na shibe." Alinuna, lakini jina likamkaa.

Sasa sikia. Mvua zilipokatika baada ya mazishi yako, nilikuwa napita karibu na stendi ya Embu, nikaona bango la plastiki la chipsi na kuku choma. Maneno yake yaliandikwa kwa Shibe. Sikukosea. O ilikuwa inachungulia. Nilisimama pale mpaka muuza chipsi akadhani nimeshikwa na njaa, nikasogea nikapapasa. Hapakuwa na alama ya brashi, ilikuwa kazi ya mashine. Wewe umelala Nkubu, na mkono wako uko Embu unauza chipsi.

Siku si nyingi nikafika Ishiara. Lile duka la dawa za mifugo lililokataa ng'ombe wangu limetundika bango la Shibe. Nikateremka Kiambere kumwona dada yangu, na kule karibu na bwawa kuna kibanda kimeandikwa SAMAKI FRESHI, S zote mbili na vitambi vyake. Nikaanza kuhisi kwamba nafuatwa. Kila njia niliyozoea kupita, herufi zilikuwa zimenitangulia. Mtu mwingine angesema ni bahati tu. Mimi mtu huyo sijawahi kuwa. Ulikuwa ukisema kwamba mimi, Ireri, hata kivuli changu hukiuliza kitambulisho.

Pembeni mwa kila bango palikuwa na jina dogo la Wawira, yule binti mwenye duka la kuchapisha karibu na soko la Embu. Ndiye aliyechapa karatasi za ibada ya mazishi yako. Hapo kumbukumbu zikaanza kuja zenyewe. Nikakumbuka kwamba siku ya mazishi alimnong'oneza mkeo Gatwiri, na Gatwiri akatikisa kichwa akiniangalia mimi. Nikakumbuka alikula kidogo sana, na mtu asiyekula mazishini ana jambo lake. Nikamhukumu hapo hapo barabarani.

Niliingia dukani kwake kama mteja. "Karibu mzee, tukusaidie na nini?" Nikamwambia nataka kuona neno KULA kwa yale maandishi manene. Akabonyeza, likatokea kwenye kompyuta, limeshiba, linang'aa. Nikamwambia, "Sasa andika KURA."

Huo ndio ulikuwa mtego wangu, Mwenda. Mtu aliyeiba ukutani angelazimika kuchagua. Angeichukua ile herufi ya amani aifanye L, halafu R ajitungie yake, au kinyume chake. Wawira akabonyeza. KURA ikatokea chini ya KULA, na maneno yale mawili yalifanana kama mapacha.

"Hizo mbili ni sawa tu, mzee," akasema. "Nilitaka nirekebishe hiyo R, nikaambiwa nikiigusa nitaanzisha vita."

"Nani alikwambia?"

Akainamia kompyuta yake. "Hii fonti nilipewa. Ile ingine, pole, siwezi sema."

Nilitoka bila kuaga. Siri ilikuwa ya watu wawili. Mimi sikuitoa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimemsaka mwizi mji mzima, kumbe jeneza lake nililibeba kwa bega langu mwenyewe.

Niliumia, ndugu yangu. Nakwambia wazi kwa sababu huwezi tena kunitania. Nilianza kupekua kila kitu ulichowahi kuniambia. Zile siku za mwisho ulizosema nisifike Nkubu kwa sababu unakwenda kliniki, ulikuwa kliniki kweli? Ile siku ulinikumbatia stendini bila sababu, ilikuwa ya nini? Shuku ikishaanza haina adabu, inaingia na matope hata kwenye vyumba vizuri. Nikawa napita mbele ya hoteli tulizochora pamoja nimetazama upande wa pili.

Wakati huo Gatwiri alikuwa ananisubiri. Msalaba wa mazishi uliandikwa kwa wino na mvua ikaufuta, akaniomba nije niandike jina lako kwa rangi. Nikatuma salamu kwamba nina kazi. Akaomba tena, nikasema mgongo. Ukweli ni kwamba sikutaka kuandika jina la mtu nisiyemjua tena, na hata ningetaka, brashi yangu haijui herufi. Mwishowe akatuma neno kwa dereva wa lori la ndizi, akiniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake: "Mwambieni Baba Nyaga msalaba haina jina na ng'ombe ya jirani imeanza kujikuna nayo. Akuje."

Nikaenda. Sikubeba brashi. Nilibeba swali.

Alinipa chai na nduma, akakaa mbele yangu. Nikaitazama ile chai. "Kunywa, Baba Nyaga," akasema, "sijaweka kitu." Nikanywa. Kisha nikamuuliza bila kuzunguka, Mwenda alimuuzia nani herufi zetu?

"Hakuuza," Gatwiri akasema. "Alipeana. Ile wakati mkono ilianza kutetemeka mpaka kijiko inamwaga uji, aliita Wawira akuje hapa nyumbani na kompyuta. Mimi nashika karatasi, yeye anachora na makaa, moja moja. Akichoka analala. Akiamka anauliza, tulikuwa tumefika wapi? Nikamuuliza, Baba Kendi, hii yote ni ya nini na wewe ni mgonjwa? Akaniambia, ni ya Ireri. Akibaki pekee yake atachora kuku bila jina mpaka afe njaa."

Nikairudisha nduma sahanini. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia.

"Si ungesema anajiitia kifo?"

Ningesema. Unajua ningesema. Huku kwetu mtu akianza kupanga mambo ya baada yake watu humnyamazisha, na mimi ningekuwa wa kwanza kukunyang'anya yale makaa.

"Na baada ya kifo?" nikauliza. "Mbona Wawira alinificha?"

Hapo Gatwiri akacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. "Alikataza. Alisema, Ireri ukimpatia yai anauliza kuku ni ya nani. Hizo herufi msimpatie kwa mkono. Ziwekeni barabarani mahali anapitanga, atafute mwenyewe. Kitu ametafuta ndio anaamini." Akanimiminia chai nyingine. "Na akasema siku utakuja hapa na hasira, nikuulize kitu moja tu. Umebonyeza kiu?"

Nikamwambia sina kiu, chai imetosha. Mkeo alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, na hakunieleza. Nilielewa nikiwa njiani kurudi, karibu na Chuka, na nikasema kwa sauti, "Mmeru huyu," mpaka jirani yangu wa kiti akasogea.

Nilifika kwa Wawira kabla hajafunga. Sikumsalimia vizuri. "Bonyeza kiu," nikamwambia. Akanitazama kama mtu aliyekuwa amengoja mgeni kwa muda mrefu, akavuta kiti nikae, akabonyeza.

Jogoo, Mwenda. Jogoo wangu, aliyeinua mguu mmoja, yule niliyemweka kwenye kuta za hoteli kutoka Kianjokoma mpaka Ishiara. Lakini mkono haukuwa wangu, na nilijua hapo hapo. Kilemba chake kimelala upande. Mguu ulioinuliwa unatetemeka. Mkia umening'inia kama ufagio uliochovywa majini. Wewe uliyekataa maisha yako yote kuchora hata kikombe, ukisema picha ni za Ireri, ulikaa kitandani na kipande cha makaa ukajaribu kumchora jogoo wangu kutoka kichwani. Ile nyumba uliyomnyima Q miaka yote, ukanikaribisha mimi. Nililia mbele ya yule binti. Yeye akageukia printa akajifanya imekwama.

Bado nina shuku moja na sitaiacha. Nashuku kwamba mkia ule uliukosea kwa makusudi, ili nibaki na la kulalamikia.

Siku hizi tunafanya kazi na Wawira. Yeye ananichapia Shibe kubwa kubwa kwenye karatasi, mimi nazikata kwenye kadibodi ngumu, naziweka ukutani na kuzijaza kwa brashi. Kwa L na R nakata moja tu. Wawira anapenda kubishana nami, anasema mabango ya plastiki yana haraka, na mimi namwambia haraka haina rangi ya pili. Yule wa Ishiara ameniita tena. Jua limelichujua bango lake, na sasa anautaka ubao wangu, ng'ombe na maneno yake. Kuku nimewashusha kwenye ngazi. Walilalamika.

Na msalaba nimeuandika. Niliwaza sana juu ya herufi, kwa sababu wewe mwenyewe ulisema nyembamba ndizo za mazishi, na mchungaji wenu naye alipendekeza hizo, za heshima. Nilikaa na makopo yangu kando ya kaburi nikakukumbuka vile ulivyokuwa mwishoni, suruali zote zimekukataa, pete inazunguka kidoleni. Ugonjwa ulikukondesha. Jina lako sitalikondesha. Nimeliandika kwa Shibe, nyeusi juu ya nyeupe, JULIUS MWENDA, na katikati ya Julius imesimama herufi ya amani na mguu wake wa kupiga mpira. Mwalimu wa kwenu anapita anasoma Julius. Jirani mwenye ng'ombe anasoma Jurius, na mimi pia, kama nilivyolitamka siku zote. Hakuna anayemsahihisha mwenzake.

Kwaheri, mucore. Kila mvua zikipita nitakuja na brashi kukupaka upya, wewe na mgeni wako. Maana nyuma ya msalaba, upande unaotazama migomba, nimemweka jogoo uliyenichorea, kilemba upande, mguu unatetemeka, na nakuahidi kwamba mkia wake sitaurekebisha mpaka na mimi nifukiwe. Mchungaji bado hajafika upande huo. Akifika akaniuliza jogoo anatafuta nini makaburini, nitamwambia ni yule wa Petro.

Ireri